Mkono Uliohama

Wifi yangu ana mkono mwepesi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotutoa jasho, na asiyejua maana ya mkono mwepesi kwa msusi hatanielewa nikieleza tulivyohangaika. Kuna wasusi wakikusuka unatoka macho yamevutika kama umeona jini, na usiku unalala kifudifudi. Wifi hakuwa hivyo. Akikushika kichwa hata hujui ameanza lini. Wateja walikuwa wanasinzia kwenye kiti chake, wengine wanakoroma kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuwashika wasianguke.

Mimi ni dada wa mumewe. Niliporudi nyumbani kwetu baada ya ndoa yangu kunishinda, watu walikaa mkao wa kula wakisubiri vita. Mawifi wawili nyumba moja! Jirani mmoja akaniuliza bila haya, "Eti mnaelewana kweli?" Nikamwambia tunaelewana kuliko yeye na mumewe, akakoma. Wifi alinipa kazi siku ileile: kuosha nywele na kufumua. Kusuka nilijaribu nikashindwa. Njia zangu zinapinda kama za mlevi anayerudi nyumbani. Ila kwenye kufumua, haki ya Mungu, hakuna anayenifikia.

Saluni yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna kioo kirefu kilichopasuka kona moja, viti viwili vya plastiki, benchi la wanaosubiri, beseni, ndoo, na misumari ukutani ambapo Wifi anatundika mafungu ya rasta. Kaka yangu ni fundi wa majokofu, na ua wa nyuma umejaa majokofu yaliyokufa ambayo kila mwaka anasema atayafufua.

Halafu kuna mama. Mama yetu ana kichwa kichungu. Tangu nikiwa mtoto sikumbuki mtu aliyeweza kumsuka. Ukimgusa na kitana tu anaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Alizeeka kichwa kimefungwa mtandio. Kaka alipooa, bibi harusi wala hakuwa amemaliza kufungua masanduku yake, akamwambia, "Mama, hebu kaa hapa chini nikuchane tu, sikusuki." Akamchana. Akamsuka. Mama akalala. Alipoamka alijishika kichwa akauliza, "Nani kanisuka?"

Tangu hapo ikawa ndiyo Jumapili yetu. Mchana, mama anakaa chini kwenye mto, katikati ya magoti ya mkwewe, miguu kainyoosha kwenye zulia, na kabla njia ya tatu haijafika kisogoni kashalala. Wageni wakiuliza huyu ni nani wako, mama alikuwa anajibu, "Huyu ni usingizi wangu."

Mambo yalianza kwenye kichwa cha mteja, mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku hiyo alipiga ukelele. "Wee, unaning'oa!" Nikageuka na mapovu mikononi. Mkono wa kulia wa Wifi ulikuwa umeshika fungu la nywele umekaza, na kidole gumba kinachezacheza chenyewe kama mtu anayebonyeza swichi. Wifi alikuwa anautazama mkono wake kama anavyotazama mkono wa mtu mwingine. Ikabidi mimi nimfungue vidole kimoja kimoja. Kisha ukaacha. Tukacheka, mwalimu naye akacheka, akaondoka na kichwa kizuri.

Ilipotokea tena, hatukucheka.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa, na daktari wa upasuaji akatuita ofisini wote watatu, mimi, kaka na Wifi. Alikuwa mtu mfupi, kucha kazikata mpaka nyamani, anaongea taratibu kama anayetembea kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Akatuonyesha uvimbe, upande wa kushoto wa ubongo, mahali ambapo kwa kawaida mkono wa kulia ndipo unapoendeshwa.

"Huu haukuanza jana," alisema. "Una miaka."

Kaka akabisha. Kubisha ni kazi yake ya pili. "Miaka? Na mkono ulikuwa unasuka kila siku?"

"Umesuka kwa sababu uvimbe umekua polepole. Ungekuja kwa kishindo, mkono ungelala siku hiyohiyo. Ukija taratibu, ubongo unapata nafasi ya kujipanga upya. Kazi iliyokuwa inafanyika hapa, sehemu za jirani zinaanza kuichukua kidogo kidogo. Mara nyingine hata upande wa pili unasaidia."

Nikasema, "Kumbe kama mpangaji mkorofi. Leo kaweka masufuria yake kwenye korido, kesho kaweka jiko. Wewe hutaki ugomvi, unasogeza vyombo vyako. Siku unashtuka, unapikia chumbani."

Kaka alinikanyaga mguu, lakini daktari akacheka. "Hivyohivyo, dada. Sasa swali ni moja. Mkono umeshahama, au bado unaishi humo ndani pamoja na uvimbe? Picha inanionyesha kidogo, lakini haiapi. Mwenye jibu ni mkono wenyewe. Itabidi niuulize wakati nafanya kazi, na wewe uko macho."

Wifi akauliza, "Macho kabisa?"

"Macho. Ngozi tutaitia ganzi. Ubongo wenyewe hauna maumivu. Utakuwa unafanya kitu mkono wako unachokijua, nami nitakuwa nagusa hapa na pale kwa umeme mdogo sana. Nikigusa mahali mkono ukasimama, nitajua hapo ndipo unapokaa, na hapo sitakata."

"Basi nitasuka," alisema Wifi.

Ndiyo maana kichwa cha plastiki kikaingia chumba cha upasuaji. Ni kile cha kujifunzia, kilekile kilichonishinda mimi. Nilikiosha kwa sabuni na dawa mpaka rangi ya pua ikabanduka.

Ya ndani sikuyaona. Nayajua kwa Wifi mwenyewe na kwa nesi mmoja aliyekuja kuwa mteja wetu. Wanasema kichwa cha Wifi kilikuwa kimebanwa kisitikisike, pazia limepita juu, daktari yuko nyuma ya pazia, na upande huu yuko daktari wa usingizi, baba mmoja mwenye kipara, aliyekaa karibu naye ili amsemeshe. Kichwa cha plastiki kikawekwa kwenye mto mbele ya mikono yake. Kichwa kimoja kimefunguliwa, kingine kinasukwa.

"Haya mama," daktari wa usingizi akasema, "leo unatusukia nini?"

Wifi akajibu, "Twende kilioni."

Yule baba akaitazama mitambo yake, akamtazama Wifi, akamshika bega. "Mama, hakuna anayekwenda kilioni. Unaendelea vizuri sana. Usiwaze hayo."

Nesi, ambaye mwenyewe alikuwa kasukwa vivyo hivyo, alicheka mpaka akaondoka kando ya kitanda. Mwenye kipara atajulia wapi? Twende kilioni ni msuko: njia zilizonyooka tu kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, hazina mbwembwe, za kusukwa upesi mtu ukiitwa msibani ghafla. Wifi aliuchagua kwa sababu mikono yake inausuka bila kuulizwa. Nesi alipowaeleza, sauti ya daktari ikatoka nyuma ya pazia: "Sawa, basi twende."

Wakaenda. Njia ya kwanza ikafika kisogoni salama. Ya pili ilipokuwa katikati, mkono ukasimama.

"Haukuuma," Wifi alinieleza baadaye. "Wala haukufa ganzi. Ulisimama tu, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata."

Daktari akainua kifaa chake, mkono ukaendelea. Akagusa tena palepale, ukasimama tena. Akaelewa, naye Wifi akaelewa.

Wakati wa kumfunga kichwa walimlaza, na alipozinduka wodini neno lake la kwanza lilikuwa "wifi." Nesi mgeni, kijana wa siku hizi, akamjibu kwa heshima zote, "Mama, hapa wodini haipo, utatumia bando lako." Mimi niko mlangoni nimeshika chupa ya uji, sijui nilie au nicheke. Nikamwambia, "Mwanangu, wifi ndiye mimi, na mimi sihitaji bando."

Daktari alikuja akavuta kiti. "Nimetoa mwingi. Nimeacha kipande, kwa sababu mkono wako bado uko humo. Ningekitoa, mkono ungekwenda nacho."

"Kwa hiyo na uvimbe bado upo."

"Upo. Unaweza kukaa kimya muda mrefu. Siku uvimbe ukiamka tutarudi. Na ubongo hauachi kujipanga eti kwa sababu mimi nimefunga. Nimewaona watu waliorudi nikakuta kazi imeshahamia pembeni. Na nimewaona wengine imebaki palepale. Siwezi kukuahidi."

"Nifanye nini ili mkono uhame?"

"Mkono usikae bure. Zaidi ya hapo, nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Tukarudi nyumbani na mkono mzito. Jamani! Mkono uliokuwa unapita kwenye nywele kama upepo sasa unavuta kama unang'oa magugu. Kitana kinadondoka, uzi unaponyoka. Wateja wakaanza kuona aibu. Wanafika mlangoni, wanasema "Tumepita kusalimia," halafu unawaona jioni wamesukwa kwingine. Siwalaumu sana. Kidogo nawalaumu.

Jumapili ya kwanza mama aliweka mto wake chini kama kawaida, akakaa, akanyoosha miguu. Wifi akasema, "Mama, mkono bado." Mama akasema, "Suka, nina usingizi." Akafumba macho.

Alifumba mapema mno. Mimi nilikuwa kwenye benchi napanga vitana, nikatazama chini, nikaona vidole vya miguu yake. Kila Wifi akikaza njia, vile vidole vinajikunja vinachimba zulia. Uso umelala fofofo, miguu iko macho. Mpaka njia ya mwisho mama hakutoa sauti. Wifi alipomaliza, mama akajinyoosha, akapiga mwayo mkubwa wa uongo, akasema, "Nimelala kama mtoto."

Nilitoka nje nikalipiga jokofu moja teke. Mama akanifuata.

"Ukifungua huo mdomo wako," alisema, "utatafuta pa kulala."

"Mama, unaumia! Nimekuona!"

"Kichwa ni changu. Si ameambiwa mkono usikae bure? Mteja gani atampa kichwa aumizwe ili mwenzie ajifunze upya? Mimi sina cha kumpa mtoto huyu. Nina hiki kichwa kibaya, basi. Nyamaza."

Nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni ugonjwa. Jumapili baada ya Jumapili mama alilala usingizi wake wa uongo, nami nikawa nasoma vidole vya miguu. Siku za kazi Wifi alikisuka kile kichwa cha plastiki, anafumua, anasuka. Nikimwambia pumzika ananiambia nikapumzishe mdomo.

Haba na haba, mkono ukaanza kurudi. Lini hasa, hakuna anayejua. Kwanza tuliona kioja: akiokota kitana kwa mkono wa kulia, vidole vya kushoto navyo vinajikunja, kama mwanafunzi anayetazamia kwa mwenzake. Daktari alipoelezwa alifurahi, akasema huenda upande wa pili wa ubongo unajaribu kusaidia. Baadaye kioja hicho kikapungua, kikaisha. Kitana kikaacha kudondoka. Mwalimu wa chekechea akarudi wa kwanza, Mungu ambariki, na wengine wakafuata wakijifanya hawakuwahi kwenda kokote. Miaka ikapita hivyo, na picha za hospitali zinasema uvimbe kimya. Ila vidole vya mama vilikuwa bado vinajikunja, si sana, pale njia inapofika kisogoni. Mkono ulikuwa unafanya kazi, lakini haukuwa ule.

Halafu siku moja tukiwa tunakunywa chai, gumba likaanza kubonyeza swichi yake.

Picha mpya zikaonyesha uvimbe umeamka, na sasa una haraka. Daktari hakuzunguka. "Lazima niingie tena. Nikikuta mkono umehama, nitatoa chote ninachokiona. Nikikuta bado upo mlemle, uamuzi ni wako, na uniambie kabla. Naweza kuacha tena, lakini safari hii kuacha ni hatari, unaweza kugeuka ukawa mbaya zaidi. Au nitoe, mkono uende."

Siku hizo nyumba haikukalika. Kaka alisema, "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Atoe! Mkono mmoja utabaki, mimi nataka mke."

"Mke gani?" Wifi akamjibu. "Wewe ungeambiwa uchague, ungesema hivyo? Mimi bila huu mkono ni nani humu ndani? Nikae kwenye benchi kama mteja? Mama atasukwa na nani?"

"Mama hajafa kwa kutosukwa!"

"Basi mimi nitamwambia daktari aache. Nitakaa na huo uvimbe kama nilivyokaa nao."

Kaka akatoka akaenda kugongagonga majokofu yake. Nilikuwa upande wa kaka, na Wifi naye nilimwonea huruma. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, anasikia kila neno.

Kesho yake asubuhi mama alijifunga mtandio akatoka peke yake bila kuaga. Aliporudi Wifi alikuwa anafagia saluni. Mama akasimama mbele ya kioo kilichopasuka, akavua mtandio.

Kipara. Kipara kinang'aa kama sahani!

Nilipiga yowe. "Mama! Nani kakufanya hivi?"

"Kinyozi wa pale kona. Na ana mkono mzito, nimemwambia." Akamgeukia mkwewe. "Haya. Mama atasukwa na nani, hilo limekwisha. Mama hana nywele. Sasa nenda kamwambie daktari atoe."

Wifi aliacha ufagio ukaanguka. Akasogea, akaweka mkono wake wa kulia juu ya kile kichwa, akakipapasa polepole kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, kama anatafuta njia. Machozi yakawa yanamtoka na hapohapo akaanza kucheka.

"Mama, una kichwa kibaya!"

"Najua. Kwa nini unafikiri nilikuwa nakificha?"

Walicheka wakishikana mpaka wakakaa chini, na mimi nikalia kwa ajili ya wote. Jioni ile Wifi alimwambia kaka, na siku ya kwenda hospitali akamwambia daktari kwa sauti ileile: "Toa. Hata ukiukuta upo, toa."

Kichwa cha plastiki kikarudi na pua yake iliyobanduka. Daktari wa usingizi alikuwa yuleyule, na safari hii alikuja kajifunza. "Enhe mama, twende kilioni tena?"

"Twende," alisema Wifi.

Anasema alisuka akiwa ameshauaga mkono. Kila kidole alikuwa anakiangalia. Njia ya kwanza ikafika kisogoni. Akaanza ya pili, akijua katikati ndipo mahali penyewe, na nyuma ya pazia kukawa kimya. Kimya hicho kikamtisha kuliko umeme.

"Daktari, mbona hamsemi?"

"Suka tu."

"Nasuka."

"Umesimama popote?"

"Sijasimama."

"Ngoja. Na sasa?"

"Nasuka, daktari."

"Na sasa?"

"Njia imefika kisogoni, niendelee na ya tatu?"

Nesi anasema walikuwa wote wameacha kupumua. Daktari aligusa palepale, karibu na palepale, akarudi palepale, na mkono ukawa unasuka tu, hauna habari naye. Halafu akasogeza kifaa nyuma kidogo, nje ya uvimbe. Mkono ukasimama.

"Umesimama!" Wifi akapiga kelele kama aliyefunga goli.

"Nimeuona," akasema daktari, na kila mtu akasikia anacheka. "Umehamia hapa jirani. Umeuachia uvimbe nyumba na kuondoka. Hapa sipagusi."

Wifi akaanza kulia. Daktari wa usingizi akamfuta machozi, akamsihi, "Mama, usilie sana, kichwa kisitikisike."

"Kichwa mmekifunga kwa skrubu," Wifi akamjibu, "kitatikisikia wapi?"

Ningependa kusema kesho yake alisuka. Kesho yake mkono ulikuwa umelala chali juu ya shuka kama samaki sokoni. Daktari alikuwa ametuonya kwamba ingeweza kutokea, kwamba amekata karibu na sehemu inayoanzisha mwendo na kwamba kwa kawaida nguvu hurudi, lakini kuonywa ni kitu kingine na kuona ni kingine. Nilimfuata kwenye korido.

"Si mlisema umehama? Umehamia wapi, ng'ambo?"

Hakukasirika. "Umehamia nyumba mpya, dada, na ni giza. Bado unapapasa ukutani unatafuta swichi. Mpeni muda."

Tukampa muda. Wiki zikaenda. Nilimlisha, nikamvalisha, nikamfunga vifungo, na kila asubuhi nikamnyoosha vidole kimoja kimoja kama walivyotufundisha. Yeye na mama walikaa kwenye benchi, vipara viwili, na wapita njia wakawa wanachungulia wanauliza, "Saluni gani hii wenyewe hawana nywele?" Mama anawajibu, "Tunauza za kwenu."

Asubuhi moja namfunga kifungo cha mwisho, nimekosea tundu kama kawaida yangu, nikasikia maumivu kwenye mkono. Nikaruka. Nilidhani nimechomwa na pini. Ni Wifi, kanifinya. Kwa mkono wa kulia.

"Unanifunga upande," alisema, kisha tukatazamana, tukautazama mkono, na kelele nilizopiga zilimleta kaka kutoka uani akiwa na bisibisi mkononi, anauliza mwizi yuko wapi.

Baada ya hapo mkono na nywele za mama vilikuwa vinaota pamoja. Mkono uliposhika kijiko, nywele zilikuwa ukoko mweupe. Mkono ulipofunga kifungo, nywele zilianza kujikunja. Mama alikuwa anajipima mbele ya kioo kila asubuhi, anazivuta kwa vidole viwili, anasema, "Bado hazishikiki." Hakuna aliyemwuliza anazisubiri kwa nini.

Jumapili moja mchana, mama akaleta mto wake akauweka chini. Akakaa katikati ya magoti ya mkwewe, akanyoosha miguu kwenye zulia.

"Nikusuke nini, mama?" Wifi akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Twende kilioni."

"Kwa nani tena?"

"Kwa uvimbe. Tumekaa nao miaka yote hiyo, tusiende hata kuzika?"

Wifi alicheka. Akachovya vidole kwenye mafuta, akachora njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, akaanza kwenye paji la uso. Nywele zilikuwa fupi, za kuteleza, za kumtesa hata msusi mzima. Mimi nilikaa kwenye benchi na vitana vyangu na sikupanga hata kimoja. Kaka alisimama mlangoni. Njia ya kwanza ikafika kisogoni. Ya pili. Katikati ya njia ya tatu macho ya mama yakajifumba, kichwa kikaegemea goti.

Wifi hakuacha kusuka. Aliinua macho tu akanitazama mimi.

"Wifi," aliniuliza kwa kunong'ona, "amelala kweli, au ndiyo kama siku zile?"

Alikuwa anajua. Miaka yote ile mama anajifanya, na mimi nimefunga mdomo, naye anasuka, wote watatu tulikuwa tunajua. Nikashuka kwenye benchi, nikapiga magoti kwenye zulia, nikavitazama vidole vya miguu ya mama kwa karibu, kimoja kimoja. Mkono wa Wifi ukakaza njia ya tatu kisogoni, pale pagumu. Vidole vilikuwa vimelegea, vimeangukia pembeni.

"Amelala," nikamwambia.

Akachora njia ya nne.